Takataka za baharini hazina pasipoti: dhana potofu zinazokwamisha mpango wa pamoja

Kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa vya Komoro, Madagaska, Morisi na Shelisheli, na Ufaransa kwa ajili ya Reunion na Mayotte, nchi 10 zimo katika Mkataba wa Nairobi wa kulinda pwani na bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, uliotiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika 1996. Pa kukutana na kupanga pamoja papo basi. Kazi inakwamishwa na dhana chache zinazorudiwa kila panapozungumzwa takataka za baharini.

“Kila nchi isafishe pwani yake, yatosha.”

Bahari haiko hivyo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukipita Mafia, Unguja na Pemba hadi Kenya. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hushika kasi na kuendelea mpaka Somalia. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hukutana na mkondo unaoshuka kutoka Somalia, na maji hayo yakageukia mashariki, bahari kuu. Sasa angalia kalenda: mvua za masika, zinazokokota taka za mitaro ya Dar es Salaam hadi baharini kupitia Mto Msimbazi, huja pale pale kusi inapoanza. Kwa hiyo kuzibua mitaro na kufunga vizuizi vya taka mtoni kunatakiwa kukamilike Februari. Vikifungwa Mei, mzigo mkubwa umeshaondoka, na sehemu yake itaokotwa na watu wa nchi nyingine.

“Zote zinatoka Asia.” “Zote ni zetu wenyewe.”

Yote mawili ni kweli, ila si kwenye ufukwe mmoja. Karibu na miji hutawala taka za hapo hapo. Kwenye visiwa vya mbali na fukwe zisizo na watu, zilizosafiri ndizo nyingi. Chupa yenyewe hutoa ushahidi. Soma nchi iliyotengenezwa, kisha tarehe iliyopigwa shingoni au chini. Chupa ya Indonesia yenye miaka kadhaa, iliyopauka na kugandwa na viumbe vya magamba, imeelea kuvuka bahari. Chupa ya China ya miezi michache, safi, bado inang’aa, haikupata muda wa kuelea kutoka huko. Yaelekea zaidi ilitupwa melini. Angalia na kizibo. Plastiki ya chupa za maji ni nzito kuliko maji ya bahari, hivyo chupa iliyopoteza kizibo hujaa na kuzama, lakini kizibo huendelea kuelea. Ukikuta vizibo vingi na chupa chache, usidhani chupa hazikuwepo: ziko chini.

“Takwimu tunazo nyingi.”

Zipo, ila hazilinganishiki. Mmoja ana magunia, mwingine ana kilo, wa tatu ana idadi ya vipande. Kipimo cha pamoja hakihitaji mashine. Pima mita 100 za ufukwe na uweke alama za kudumu ncha zote mbili. Siku ya kwanza ondoa kila kitu, kuanzia ukingo wa maji yaliyokupwa hadi mimea inapoanzia; mzigo huo ni malimbikizo ya zamani, uandike kando. Kisha rudi kila siku maji yakipwa, kwa siku 10 mfululizo, uokote kila kipande cha sentimita 2.5 na zaidi. Kung’uta mchanga, kausha, tenganisha kwa aina, hesabu na upime uzito.

Yanayoharibu kazi yanajulikana. Wafanyakazi wa hoteli hupitisha reki alfajiri kabla hujafika. Bamvua, yaani maji makuu, huinua taka za zamani kutoka majanini na kuzirudisha mchangani, zikahesabiwa kama mpya. Wavu mbichi wenye mchanga huzidisha uzito. Na kasha la povu, ile plastiki nyepesi ya kufungashia, likivunjika, huyu ataliandika kitu kimoja na yule vipande 60. Haya yasipoamuliwa kabla ya kuanza, Kenya na Msumbiji hazitajua nani ana hali mbaya zaidi, wala kama mpango unaleta nafuu.

“Tufanye usafi mara nyingi zaidi.”

Mwaka 2019 watu wa kujitolea waliondoa tani 25 za takataka katika kisiwa cha mbali cha Aldabra, Shelisheli, kwa wiki 5. Makadirio ya watafiti yalionyesha kwamba zaidi ya tani 500 zilibaki. Gharama ilikaribia dola 8,900 kwa kila tani, na takriban asilimia 83 ya uzito ilikuwa zana za uvuvi. Nchi yenye watu wachache kama Shelisheli haiwezi kubeba bili ya taka za meli za wengine.

“Meli zina sheria zake, bandari haihusiki.”

Sheria ya kimataifa imekataza meli kutupa plastiki baharini tangu mwishoni mwa 1988. Lakini nahodha lazima apate pa kuishusha. Bandari ikitoza kwa kila mzigo wa taka, inampa sababu ya kutoshusha. Bandari za Bahari ya Baltiki huingiza gharama hiyo kwenye ushuru wa kawaida: ushushe, usishushe, umelipa. Mombasa ikifanya hivyo peke yake itahofia kupoteza wateja kwa Dar es Salaam, na kinyume chake. Hapa ndipo upangaji wa pamoja una faida kubwa kuliko popote, nasi tungeanzia hapa.

“Marufuku ya mifuko yamemaliza tatizo.”

Zanzibar ilianza 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Mifuko imepungua, na hilo ni jema. Vizibo, kandambili, kamba na povu havikuguswa.

“Mvuvi anayepoteza wavu aadhibiwe.”

Adhabu humfanya anyamaze, na wavu huendelea kunasa samaki na kasa. Miongozo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2018 inahimiza zana zitiwe alama na upotevu utolewe taarifa. Taarifa yenye manufaa ni fupi: siku na saa, mahali, kina, aina na urefu wa wavu. Ifike kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, au Unguja na Pemba kwa kamati ya wavuvi ya shehia, kisha ivuke mpaka siku hiyo hiyo. Wavu uliopotea Moa, Tanzania, wakati wa kusi utafutwe upande wa Vanga, Kenya, na wavuvi wa Vanga wawe na namba ya simu ya wenzao wa Moa.