Uso wa kike, uso wa kiume: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Ficha nywele, hutajua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke." Utajua. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walipiga picha watu wazima waliofunika nywele kwa kofia ya kuogelea, wanaume wamenyoa ndevu, wanawake hawakujipamba. Watazamaji walipatia takriban mara 96 katika 100. Ushungi wa pale Ngamiani, Tanga, haufai kuwa kipimo, maana kitambaa chenyewe kinatoa jibu kabla hujautazama uso.

"Siri iko kwenye kiungo kimoja." Hapana. Pua ikionyeshwa peke yake, watu hubahatisha tu. Lakini ifunike usoni uone kutambua kunavyokuwa kugumu. Nyusi na macho pamoja hubeba mengi. Kwa wastani, nyusi za wanaume ni nene na zimelalia jicho. Za wanawake zimepanda kidogo. Ndiyo maana fundi anayemtinda bi harusi nyusi hutoa vinyweleo vya chini na kuuacha ukingo wa juu: nafasi juu ya kope inapanuka.

"Urembo wa kike ni kung'arisha ngozi." Dhana hii ndiyo inayoumiza watu. Mwaka 2009 mtafiti Richard Russell alionyesha sura moja isiyoelemea kike wala kiume. Tofauti ya rangi kati ya ngozi na macho na midomo ilipoongezwa, ilionekana ya mwanamke. Ilipopunguzwa, ya mwanamume. Alipima nyuso za Wazungu na za watu wa Asia Mashariki, ila jambo lenyewe warembaji wanalifanya kila siku: wanja na rangi ya mdomo hukoleza tofauti hiyo juu ya ngozi uliyozaliwa nayo. Mkorogo hauhitajiki, na wenye zebaki huharibu figo. Poda ijaribiwe kwenye taya, nje, kwenye mwanga wa mchana, kiganja kinadanganya. Kisha, kabla ya wanja, ifute kwenye kope na ukingo wa midomo. Ikibaki pale inafifisha vilevile ulivyotaka vikolee, na picha inatoka bapa.

"Jicho halibadiliki." Tazama picha za wanaume mfululizo kwa dakika chache, halafu uso usioelemea kike wala kiume: utauona wa kike. Anayepanga mamia ya picha achanganye, asimalize za kiume kwanza.

"Basi mashine itajua vizuri zaidi." Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walijaribu programu tatu za kutambua jinsi kwa uso, kwa picha za wabunge, wakiwemo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Ngozi hizo ndizo zetu. Studio ya picha za pasipoti isiiachie programu ijaze sehemu ya jinsi. Mteja amesimama mbele ya kaunta, aulizwe.