Shilingi 1,500 ya Mabatini na ya Capri Point

Kila ninapoanza kufundisha kodi, nawaambia wanafunzi waje na meseji ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya nyumbani kwao, ile ya umeme wa kwanza wa mwezi. Humo kuna kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye umeme mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Hapa Mwanza, anayetoka mtaa wa Mabatini, kule nyumba zilikokalia miamba, anakatwa sawasawa na mwenzake wa Capri Point anayeliona ziwa akiwa sebuleni.

Wengi husema hiyo ndiyo haki, wote sawa. Basi tupige hesabu. Tuseme mama anayeanika dagaa anabakiwa na 150,000 kwa mwezi: 1,500 ni asilimia 1 ya kipato chake. Kwa anayeingiza milioni 3 ni asilimia 0.05. Mama amebeba uzito mara 20! Kodi ya namna hii hupanua pengo la kipato, hata ikiwa ndogo.

Kodi ya mshahara haiko hivyo. Anayelipwa hadi 270,000 kwa mwezi hakatwi kitu, kisha viwango vinapanda kwa ngazi, na kile kinachozidi milioni 1 hukatwa asilimia 30. Ngazi hizo ndizo hupunguza pengo, ila humfikia mwenye ajira rasmi tu, na hapa Mwanza riziki nyingi hutoka mwaloni, sokoni na kwenye bodaboda.

Ndiyo maana naithamini sana kodi ya majengo: nyumba haifichiki. Naelewa kwa nini kiwango kimoja kilichaguliwa, maana kuthamini jengo moja moja ni gharama. Lakini mitaa ingeweza kupangwa kwa madaraja kufuata thamani ya ardhi, nyumba duni zikasamehewa, na LUKU ikaendelea kukusanya vilevile. (Elimu bila ada na ruzuku za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nazo zina kazi kubwa katika hili, nitaziandikia siku yake.)

Kuna na la mpangaji. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, naye ndiye anayekatwa. Inatakiwa wamalizane kwenye pango. Sasa huyo mama wa dagaa, aliyekwisha kulipa pango la miezi sita kwa mkupuo, na mita wanachangia wapangaji wanne, aanzie wapi kudai?