Je, Wajua Kwa Nini Tumbili Hubeba Virusi vya Jamii ya Ukimwi Bila Kuugua?

Tumbili wanaozurura katika Hifadhi ya Impala mjini Kisumu, sawa na wale wanaonyemelea matunda ya wageni kwenye Mbuga ya Ziwa Nakuru, ni wa spishi ambayo tangu kale imeishi na virusi viitwavyo SIV, jamaa wa virusi vya ukimwi. Mwituni, tumbili wengi waliokomaa huambukizwa, na virusi huzaana kwa wingi katika damu yao. Hata hivyo, wanyama hao huendelea kula, kuzaa na kulea kama kawaida, wala kinga yao haiporomoki.

Sababu imo katika jeni zao za kinga. Mtu yeyote wa Kisumu, Siaya au Homa Bay aliyewahi kuhudhuria kliniki ya VVU anazifahamu chembe za CD4, yaani chembe nyeupe za damu zinazosaidia kuongoza kinga, ambazo zimepewa jina la protini iliyo juu ya ukuta wake. Protini hiyo ndiyo virusi hushika ili vipenye ndani. Kwa tumbili, chembe nyingi za aina hiyo zikishakomaa kwa kupambana na vimelea huacha kabisa kuitoa CD4 nje, ilhali huendelea na sehemu kubwa ya kazi yake ya kusaidia kinga. Virusi vikija havipati pa kushika. Kwangu mimi, hili ndilo ajabu kubwa kuliko yote: mwili haukumfukuza adui, bali ulimwondolea mlango.

Jambo la pili ni utulivu. Tumbili anapoambukizwa, kinga yake hupandisha tahadhari kali, kisha huishusha baada ya wiki chache. Kima wa Asia aitwaye rhesus, ambaye hakuzoeana na SIV, hubaki katika tahadhari hiyo mfululizo. Utumbo wake huharibika, chembe zake huchakaa, na hatimaye hupata ukimwi.

Mabadiliko haya hayakutokea kwa siku moja. Tofauti ndogo za jeni hujitokeza zenyewe kila kizazi, na tumbili ambaye tofauti yake ilimsaidia kustahimili aliacha watoto wengi zaidi kuliko wenzake, hata ikaenea. Mwaka 2017, watafiti waliolinganisha jenomu (jumla ya jeni zote) za tumbili 163 kutoka Afrika na visiwa vya Karibi walikuta alama za uteuzi huo wa asili katika jeni zinazohusiana na virusi, zikiwemo zile ambazo utendaji wake hubadilika SIV inapoingia. Muda ulikuwepo: virusi vya nyani wa kisiwa cha Bioko, karibu na pwani ya Kameruni, kilichotengana na bara miaka takriban 10,000 iliyopita, vinaonyesha kwamba SIV ina umri usiopungua miaka 32,000.

Binadamu tuliambukizwa juzi tu. Aina kuu ya VVU ilitoka kwa sokwe mtu wa Afrika ya Kati, wala si kwa tumbili, mapema katika karne ya 20. Sisi pia tunayo jeni ya TRIM5, ambayo protini yake hunasa ganda la virusi. Ya rhesus huizuia VVU vikali, ila yetu ni dhaifu mbele yake. Na maabara zimeonyesha kwamba kubadilisha kiungo kimoja tu (asidi amino) cha protini hiyo ya binadamu, kile cha nafasi ya 332, kunatosha kuipa nguvu ya kuizuia VVU.