Ufaulu wa wanafunzi kati ya nchi na nchi: alama hupatikanaje na husomwaje

Ulinganisho wa ufaulu kimataifa ni upimaji ambao wanafunzi wa nchi mbalimbali hupewa maswali ya aina moja, kisha matokeo yao yakawekwa kwenye mizani moja ya alama. Mitihani ya taifa haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa kila nchi hutunga maswali yake na kujipangia alama ya kufaulia.

Vipimo vinavyotajwa sana ni vitatu. PISA, kinachoendeshwa tangu mwaka 2000 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, huwapima wanafunzi wa miaka 15 katika hisabati, kusoma na sayansi, almradi wamefika mwaka wa saba wa shule. TIMSS, kilichoanza 1995, hufuata darasa badala ya umri: hisabati na sayansi, mwaka wa nne na wa nane. PIRLS hupima kusoma peke yake, mwaka wa nne. TIMSS huuliza yaliyomo kwenye mitaala. PISA huangalia kama mwanafunzi anaweza kuyatumia aliyojifunza katika jambo asilolizoea. Kwa hiyo alama 500 za kimoja si alama 500 za kingine, na kuzipanga kwenye jedwali moja ni kosa.

Hawapimwi wanafunzi wote. Kwa kawaida PISA huchagua kwa bahati nasibu shule zisizopungua 150 katika nchi, kisha wanafunzi 42 hivi kila shule. Mtihani huchukua saa mbili, na kila mwanafunzi hupata sehemu tu ya maswali. Alama ya nchi basi ni makadirio, na makadirio yana kiwango chake cha kukosea.

Chukua hisabati ya PISA 2022: Hong Kong alama 540, Japani 536, kila upande ukiwa na kosa sanifu, yaani kipimo cha kukosea kwa makadirio, la takriban 3. Je, tofauti ya alama 4 ina uzito? Zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha upate 18, tafuta kipeuo chake cha pili, yaani 4.2 hivi, kisha zidisha kwa 1.96, namba ambayo wanatakwimu huitumia kupata uhakika wa asilimia 95. Unapata kama 8. Tofauti iliyo chini ya hapo haitoshi kusema nani yuko mbele, ingawa jedwali limemweka mmoja juu ya mwenzake. Ndiyo maana nafasi ya nchi, ambayo magazeti huipenda mno, ndiyo namba dhaifu kuliko zote katika ripoti.

Swali zito zaidi ni nani aliyeketi kufanya mtihani. Mwaka huohuo Vietnam ilipata 469 katika hisabati, karibu sawa na wastani wa OECD wa 472. Lakini sampuli yake iliwakilisha asilimia 68 tu ya vijana wote wa miaka 15. Kambodia, asilimia 36. Aliyeacha shule, au aliyerudia madarasa akabaki chini ya mwaka wa saba, hahesabiwi kabisa. Nchi ikiwarudisha vijana hao darasani, wastani wake unaweza kushuka huku wanaojifunza wakiongezeka.

Kwa sababu hiyo ni bora kutazama pia idadi ya walio chini ya Kiwango cha 2 cha PISA, yaani kiwango cha ujuzi wa msingi, ambacho katika hisabati huanzia alama 420. Anayekifikia anaweza, kwa mfano, kulinganisha urefu wa njia mbili au kubadili bei kwenda sarafu nyingine. Katika nchi za OECD, asilimia 31 hawakukifikia mwaka 2022.

Kufuatilia nchi moja kwa miaka kadhaa hufundisha kuliko kuipanga na jirani. Ufini ilikuwa na 548 katika hisabati mwaka 2006. Mwaka 2022 ilipata 484. Alama 20 hukadiriwa kuwa sawa na mwaka mmoja wa masomo kwa umri huo. Bado ilikuwa juu ya wastani wa OECD, na anayeangalia wastani huo peke yake asingeona anguko lolote.