Leseni ya bastola ni ya mtu, si ya familia

Kwa wafanyabiashara wa madini Arusha, na hata wenye maduka Moshi, kuna imani ya siku nyingi: ukishapata leseni ya bastola, umemaliza. Unaibeba popote, mkeo anaweza kuishika ukiwa safarini, na mwizi akiingia unapiga tu.

Sivyo. Leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaja mtu na silaha yake. Kijana wako hahesabiki hapo, hata kama analenga vizuri kukushinda. Mwenye leseni akifariki, bastola haigawanywi kwenye kikao cha ukoo kama shamba la migomba. Inapelekwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa kuwa msiba una mengi na sanduku la marehemu hufunguliwa mwishoni.

Na kuhusu kuibeba popote: ukivuka mpaka wa Namanga au Holili, uko chini ya sheria za Kenya, si za Tanzania iliyokupa leseni.

Na kuhusu mwizi: Kanuni ya Adhabu inaruhusu kujilinda kwa nguvu ya kadiri. Ukizidisha akafa, ni kosa la kuua bila kukusudia, leseni ikiwa mfukoni.