"Log in" haikutoka kwenye "logic"

Ni rahisi kudhani kwamba "log" tunayobofya kila siku kuingia kwenye barua pepe au benki ni kifupi cha "logic", kwa kuwa kompyuta ni mambo ya mantiki. Sivyo. "Log" hiyo ni gogo hasa, la mti.

Mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 16 hawakuwa na mita ya mwendo. Walichukua kipande cha ubao, kilichoitwa "log" (gogo), wakakifunga kamba, wakakitupa baharini nyuma ya meli. Baadaye kamba ilitiwa mafundo, na ubao huo ulichongwa kama robo ya duara na kutiwa risasi (metali nzito) ukingoni ili usimame wima majini. Meli ikisonga, kamba inafunguka mkononi. Mmoja anashika saa ya mchanga ya sekunde 28 hivi, mwingine anahesabu mafundo yanayopita. Kila fundo lilikuwa mbali na jingine kwa mita 14 na kitu, ndiyo maana mpaka leo kasi ya meli na ndege huhesabiwa kwa mafundo.

Hesabu ile iliandikwa daftarini, na daftari likarithi jina la gogo. Kiswahili nacho kina batli: kipimo chenyewe, na daftari la batli. Kutoka hapo kitenzi cha Kiingereza "to log" kikawa na maana ya kuandika kumbukumbu yoyote.

Mwaka 1961, kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, mfumo wa CTSS uliruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja. Amri ya kuanzia ilikuwa LOGIN: mashine inaandika nani kaingia na saa ngapi.