"Pigeni kwa Nguvu, Fundi Atasawazisha": Dhana Potofu za Bendi Changa za Roki

Hakuna sentensi iliyoharibu shoo nyingi za bendi zinazojitegemea kama hii: "Sisi tupige kwa nguvu, fundi mitambo atasawazisha." Hawezi. Mixa, mashine yake ya kuchanganya sauti, inatawala kile tu kinachopita ndani yake. Kwenye ukumbi wa watu 100, dramu na ampu (vikuza sauti) za gitaa zinawafikia watazamaji moja kwa moja kutoka jukwaani, hata fundi akiwa amezifunga kabisa. Kilichobaki mkononi mwake ni kumpandisha mwimbaji, na huko nako kuna mwisho: spika zikisikika ndani ya maiki kupita kiasi, maiki inapiga mluzi. Maneno ya wimbo yanapotea, kisha bendi inashuka ikilaumu mitambo.

Kipimo cha sauti ya jukwaa ni koo la mwimbaji. Ampu ina kitufe cha kuongeza, koo halina. Kwa hiyo mazoezini anzeni na yeye: pandisheni maiki taratibu mpaka ikaribie kupiga mluzi, rudisheni nyuma desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hivi, halafu dramu, besi na gitaa viingie chini ya hapo. Bendi nyingi hufanya kinyume: gitaa linajichukulia nafasi yote, mwimbaji anaachiwa makombo.

Mpiga gitaa ndiye wa kuangaliwa zaidi. Ampu iliyokaa sakafuni nyuma yake inapiga sauti kwenye magoti yake. Masafa ya juu, yaani sauti nyembamba na kali, hutoka kwenye spika yakiwa yamenyooka kama mwanga wa tochi, hivyo yeye aliyesimama juu yake anasikia gitaa butu. Anaongeza ukali, anaongeza na sauti, na anayeumia ni mtu wa mstari wa mbele. Ipandisheni juu ya kreti au ilazeni kidogo kwa nyuma ili itazame kichwa chake. Akijisikia vizuri atapunguza mwenyewe. Kisha besi ya ampu ishushwe na masafa ya kati yapandishwe. Toni inayosikika nene akiwa peke yake chumbani, ndani ya bendi inagongana na gitaa la besi na dramu kubwa, na vyote vitatu vinakuwa uji.

Na tafadhali, ampu ya wati 100 haitoi sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, ongezeko ambalo sikio linalitambua kwa shida. Ili isikike kama imeongezeka maradufu inahitajika nguvu kama mara 10.

Mpiga dramu ajaribu vijiti vyembamba, 7A badala ya 5B, na kipande cha utepe juu ya ngozi ya sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Mwimbaji naye aweke midomo sentimita 2 au 3 kutoka kwenye wavu wa maiki. Kila umbali huo unapoongezeka maradufu, sauti yake inayoingia inapungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali matoazi yaliyo nyuma yake yanaingia vilevile. Asiuzibe wavu kwa kiganja, hata kama pozi linapendeza kwenye picha: maiki iliyoundwa kusikia mbele inaanza kusikia pande zote, ikiwemo monita (spika ya jukwaani inayomwelekea mwimbaji), na mluzi unaanza palepale.

Masikio "hayazoei" kelele, yanakufa kidogo kidogo. Kiwango cha usalama kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Kwa desibeli 100, ambazo chumba cha mazoezi cha bendi ya roki hufikia bila shida, mnabaki na dakika 15. Nunueni kinga za masikio za wanamuziki kabla ya kununua pedali nyingine.

"Bila kampuni ya rekodi hatufiki popote." Bendi ya Buzzcocks ya Uingereza ilitoa yenyewe rekodi yake ya kwanza mwaka 1977 kwa pesa za kuazima, ikianza na nakala 1,000.

"Tumepewa dakika 30, basi nyimbo 9." Nyimbo 9 za dakika tatu na nusu zinapita dakika 31 kabla hamjasema hata salamu. Chukueni 7, na mfanye mazoezi ya kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine: nani anatuni, nani anaongea, nani anahesabu. Ukimya wa sekunde 40 unaondoa watu kuliko noti iliyokosewa.

"Sisi ni ndugu, maandishi ya nini?" Haki ya utunzi (wimbo wenyewe) na haki ya rekodi (sauti iliyorekodiwa) ni vitu viwili tofauti. Andikeni asilimia za kila mmoja siku wimbo unapokamilika, na wote watie saini.

"Tukipiga kila wiki tutajulikana." Mtawachosha marafiki walewale. Mji mmoja, shoo moja kila wiki nne hadi sita, na mtu mmoja akae kwenye meza ya fulana na daftari la kuandikia majina na namba za simu. Wafuasi wa mtandaoni wanafikiwa pale mtandao unapotaka. Walio kwenye daftari mnawatumia ujumbe wenyewe, siku tatu kabla ya shoo na tena asubuhi ya siku yenyewe.